Kompyuta Iliyofuata Jeneza

Nyinyi vijana mnaingia laivu mkitembea, simu mkono mmoja, mahindi ya kuchoma mkono mwingine. Siwasemi vibaya. Ningekuwa na magoti yenu na simu zenu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anaendesha kazi, ameniomba niwaandikie kidogo vile sisi tulifanya, maana anasema wale anaowafunza wanadhani laivu ilizaliwa na wao. Basi nitaandika vile nakumbuka, bila mpango. Mkichoka, wekeni chini mchemshe chai.

Nilikuwa na saiba pale soko ya Tulia. Kompyuta za mezani, mashine ya kutoa kopi, na benchi ya watu wa kungoja. Kila mtu alipopata simu yake, saiba ikafa. Watu walikuja tu kutoa kopi ya kitambulisho na kuniuliza kama stima iko. Nikabaki na kompyuta moja kubwa yenye nguvu, na sikuwa na kazi ya kuipa. Halafu ukaja ule wakati wa ugonjwa, watu wakakatazwa kujaa kanisani na matangani, na kila familia ilikuwa na mtu wake Nairobi au ng'ambo anayetaka kuona. Pasta mmoja akaja akaniita mama kwa Kikamba, akaniuliza, "Mwaitu, hiyo kompyuta yako inaweza kuonyesha watu ibada kwa mtandao?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa najua. Nilijifunza ile wiki.

Sasa mnajua kwa nini nilifanya laivu na kompyuta ya meza. Ndiyo nilikuwa nayo. Nimeizungusha Kitui na Makueni nyuma ya pikapu ya Musembi, dereva wangu, ikiwa imelazwa kwa godoro na kufunikwa leso kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Musembi alikuwa akifika kwa matuta anapunguza mwendo na kugeuka nyuma kuuliza, "Bado anapumua?"

Kila kitu kilikuwa kwa waya. Kamera inaingia kwa boksi ya kompyuta kwa waya. Sauti inatoka kwa mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, inaingia kwa waya mwingine. Intaneti inatoka kwa simu yangu, ambayo tulikuwa tunaifunga juu ya mlingoti mahali mtandao unapopita, nayo inateremka kwa waya mrefu mpaka kwa kompyuta. Mtu akiniuliza kazi yangu hasa ilikuwa gani, namwambia nilikuwa askari wa waya. Kina mama wanaocheza mbele ya kwaya, wazee na bakora zao, watoto, mbuzi. Hao wote ni maadui wa waya na hawajui.

Mbuzi nawatajia kwa sababu. Kuna siku tulikuwa Mbumbuni kwa ntheo, ile sherehe ya upande wa bwana kuleta mbuzi kwa wazazi wa msichana ndipo ndoa ihesabike. Nyinyi wengine mmelelewa mjini mnasikia tu. Bila mbuzi hao, hata mkiwa na pete na vyeti, wazee watakuambia huyo msichana bado ni wetu. Sasa mjomba wa msichana alikuwa Dubai na alisema hatakubali mpaka awaone mbuzi kwa macho yake. Nikaambiwa kamera isitoke kwa mbuzi. Sawa. Wakaletwa, wazee wakawapapasa mgongo, mzee mmoja akafungua mdomo wa beberu kuangalia meno. Yule beberu akachukia, akaruka, akapita na waya wa kamera shingoni. Kamera ikaanguka ikiangalia juu. Mjomba Dubai akaona mawingu kwa muda mrefu huku akisikia watu wakipiga kelele. Akapiga simu kwa hasira akiuliza kama mbuzi wenyewe wametoroka wakakataa ndoa. Ilibidi wapangwe mstari tena, kila mmoja ashikwe pembe, aonyeshwe mbele na nyuma. Ndoa hiyo iko mpaka leo.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kilonzo, fundi wa sauti wa huko huko Mbumbuni, ambaye spika zilikuwa zimemmaliza sikio moja. Ukimwongelesha unazunguka upande ule mzuri kwanza. Alinikuta siku zangu za mwanzo nikihangaika na picha, nikiongeza rangi, nikipunguza mwanga, akanitazama tu. Kisha akaniambia, "Mama, picha ikiganda watu watavumilia, watasema ni mtandao. Sauti ikipotea wanaenda zao." Tangu siku hiyo nilianza na sauti. Mpaka leo nikiona kijana ananunua kamera ya bei na maiki ni ile ya simu, nanyamaza, lakini najua.

Alinifunza pia kwamba mtu wa kamera hana mdomo. Huongei na pasta, huongei na MC, huambii watu wasogee. Wewe ni kama kiti. Ukianza kupanga shughuli ya watu, siku moja utapanga vibaya na hutaitwa tena. Mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hivyo hiyo haikunisumbua.

Kitu kingine cha kuwaambia: nyimbo. Kule Makueni kulikuwa na kanisa, sitalitaja, lenye kijana wa kuweka muziki aliyependa sana kuweka nyimbo za injili zilizorekodiwa na watu wakubwa. Kila Jumapili, pasta akifika katikati ya maombi ya nguvu, kijana anaweka wimbo chini chini, na kila Jumapili laivu inakatwa. Mtandao una masikio, vijana. Unatambua wimbo wa mtu na unafunga. Lakini pasta aliamua ni pepo. Wakafunga na kuomba kwa ajili ya ile kompyuta yangu. Wazee wa kanisa wakaiwekea mikono, mmoja akaimwagia mafuta kidogo kwa juu, na nilikuwa nimesimama hapo na kitambaa nikifikiria ile feni ya ndani. Mwishowe nilimwambia pasta kando, taratibu, waache kwaya yao iimbe yenyewe. Wakaimba wenyewe. Laivu ikaenda mpaka baraka ya mwisho. Pasta akashuhudia wiki iliyofuata kwamba pepo ameshindwa. Sikubishana. Lakini mjue, kabla ya shughuli yoyote, tafuta yule wa kuweka muziki umuongeleshe vizuri.

Na ekstensheni yako iwe yako. Matanga ya kwetu, ukiweka ekstensheni chini ya meza, ndani ya muda mfupi ina chaja za kila aina. Nimeona mtu anachomoa kompyuta iliyo laivu ili achomeke simu ya MC, na ananiambia, "Mama, ni dakika mbili tu." Ndiyo maana nilinunua ile betri ya akiba ya kompyuta, ile inayolia ti, ti, ti stima ikipotea. Nilifikiri ni ya kunilinda na stima na watu wa chaja. Sikujua itanipeleka mahali pengine.

Sasa hii ya Nuu.

Kulikuwa na mama amekufa huko Nuu, mama mzee wa kanisa. Mwanawe mkubwa, Kyalo, alikuwa nyumbani. Kitinda mimba, Mwende, alikuwa Saudia akifanya kazi ya nyumba. Mkataba wake haukuwa umeisha na waliomwajiri walikataa aje. Mwende mwenyewe ndiye alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini, nikasikia vyombo. Akaniambia, "Mama, mimi niliondoka nikimwacha akipepeta mbaazi. Wameniambia amekufa, lakini nikifunga macho anapepeta mbaazi. Nisipoona akizikwa, sitaamini. Nitakuja nyumbani siku moja nikimtafuta." Nikamwambia nitamwonyesha. Akaniambia siku hiyo waajiri wake watakuwa nje mpaka jioni, atabaki peke yake na nyumba, kwa hivyo kabla jioni anaweza kutazama. Wakirudi, simu inafichwa.

Nilimuuliza Kyalo kaburi litakuwa wapi. Akasema kando ya nyumba, hatua chache kutoka kwa tenti. Nikapima waya kwa akili nikaona inatosha.

Kufika, nikakuta vijana wa kuchimba walikutana na mwamba. Nuu ni mawe. Walipiga mtaimbo mpaka mikono ikatoka malengelenge, wakaacha, wakahamia chini kabisa ya shamba, kupita ghala, karibu na ua. Hakuna mtu alifikiria kuniambia. Kwa nini waniambie? Kaburi ni kaburi. Nikasimama kwa tenti nikaangalia kule chini na nikaangalia waya wangu. Haufiki.

Najua mnachosema saa hii. Si ungetoa simu tu, susu, nyanya yetu? Simu ilikuwa juu ya mlingoti ndiyo inaleta intaneti, na simu za wengine zilikuwa zinatafuta mtandao bila kupata. Na hata ningepata nyingine, laivu ikifungwa imekufa. Unayofungua baadaye ni nyingine, na kiungo chake ni kingine. Ningemtumiaje Mwende, aliyejificha jikoni kwa watu, nikiwa hapo bila mtandao? Wale wengine wote wanaotazama wangejipanga. Yeye angeona skrini nyeusi na kufikiri imeisha.

Ibada ilienda vizuri. Kwenye skrini kulikuwa na lile jicho dogo linaloonyesha wangapi wanatazama, na watu walikuwa wengi, kutoka kila mahali. Mwende aliandika mara moja tu, "Nawaona." Kisha pasta akaangalia mlimani. Kulikuwa kumejaa wingu. Wageni wengi walikuwa wamevuka ule mto wa mchanga kuja, na mkijua mito yetu, mnajua mvua ikinyesha huko juu maji yanashuka hata kama kwako ni jua. Pasta akasema tufupishe, twende kaburini mara moja. Wabebaji wakasimama kwa jeneza.

Nikamwita Kyalo kando. "Hii kompyuta lazima iende na mama yako, ikiwa inawaka."

"Iende vipi?"

"Ibebwe na meza yake."

Akaniangalia kama aliyepoteza akili. Musembi alikuwa ameleta wilbaro lakini nilikataa. Ile diski ya ndani ya zamani inazunguka. Ukiirusha kwa mawe ikiwa inafanya kazi, inakufa. Ilihitaji watu wa kutembea polepole. Kyalo hakuniuliza tena. Akaita wanaume wa ushirika, nyuma ya wale wa jeneza, akawaambia, "Hiyo meza. Kila mtu mguu mmoja." Tukachomoa stima, ile betri ya akiba ikaanza kulia, ti, ti, ti, na tukaenda.

Mbele jeneza, halafu familia, halafu meza na skrini juu yake, mimi kando nimeshika kamera, Musembi nyuma ameshika mlingoti wa simu wima kama mtu wa bendera. Kwaya ikiimba, betri ikilia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando ya njia alivua kofia jeneza lilipopita, akairudisha, halafu akaona meza inabebwa kwa heshima namna ile, akaivua tena. Pasta akageuka katikati ya wimbo akauliza, "Ni nini hiyo inalia?" Mwanamke mmoja wa kwaya akamjibu, "Ni Mwende, Pasta." Akageuka mbele akaendelea kuimba.

Tulifika betri ikiwa imebaki kidogo sana. Musembi akapachika mlingoti kwa ua, akakimbia kuleta jenereta kwa wilbaro, tukaiweka nyuma ya ghala isisumbue sauti. Nikachomeka. Laivu ilikuwa haijakatika. Niliangalia lile jicho, na nikapumua kwa mara ya kwanza tangu kwa tenti.

Jeneza likashushwa. Ukafika wakati wa familia kutupa mchanga, kila mtoto kwa jina lake, mkubwa mpaka mdogo. Pasta aliita majina haraka haraka kwa sababu ya lile wingu. Akaita, "Mwende." Kyalo ndiye alikuwa amewekwa kutupa kwa niaba yake. Alikuwa na mchanga mkononi na mkono ulikuwa tayari hewani.

Nikasema, "Ngojeni."

Watu wote wakanigeukia. Kumbukeni mimi ni kiti. Pasta akasema, kwa upole lakini kwa haraka, "Tunangoja nini, mwaitu?"

Nikamwambia kinachofanyika hapa kinafika kule kimechelewa, si mara moja. Mtu anapiga makofi hapa, kule bado amenyamaza. Nikamwambia, "Mwende bado hajasikia akiitwa. Kyalo akitupa sasa, atakuwa amemtupia kabla aitwe."

Pasta alikuwa mtu mzuri. Alifunga kitabu chake kwa kidole ndani, akasimama. Kwa hivyo sisi sote tukasimama, wageni wa mto, kwaya, wale wa meza, na Kyalo na mchanga mkononi, tukingoja jina lifike Saudia. Hakuna mtu aliyekohoa. Ilisikika jenereta tu. Nilikuwa nimekazia macho ile sehemu ya maandishi kwenye skrini, na mimi si mtu wa kulia kazini, lakini nilikuwa naogopa meseji yake haitakuja.

Ikaja. Neno moja. Nikalisoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Niko."

Kama mtoto anayejibu rejista darasani. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha wengi. Halafu Mwende akaandika tena, nikasoma, "Kyalo, weka polepole." Na Kyalo, jitu zima lile, akapiga magoti kwa udongo, akauweka mchanga chini kwa mkono wazi badala ya kuutupa, kama mtu anayeweka yai.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kaburi likajazwa, maua yakawekwa, msalaba ukapigwa, baraka, na watu wakaanza kukimbilia mto. Lile jicho la skrini likaanza kushuka. Watu wakishaona maua wanaondoka, nimeona hivyo kila matanga. Nilikuwa na mkono kwa mause tayari kuzima wakati maandishi yalikuja, "Mama, tafadhali usizime."

Musembi akasema, "Mama, hii maji haitungoji. Tukikaa tunalala huku." Nikamwambia aende na pikapu, mimi nitabaki na kompyuta. Akaguna, akaenda. Na kweli maji yalishuka, nikalala huko, nikala muthokoi ya matanga, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, mpaka ikaniisha hamu.

Kwa hivyo tulibaki mimi, Kyalo, na kaburi. Kamera ilikuwa imesimama kwa miguu yake ikiangalia msalaba. Jicho la skrini lilionyesha moja. Huyo mmoja ni Mwende. Kyalo aliniletea kiti na uji, akakaa chini kando yangu. Jenereta ikaisha mafuta, tukahamia kwa betri ambayo ilikuwa imepata nguvu kidogo.

Akatokea ndama kutoka kwa ua, akaenda moja kwa moja kwa yale maua, akaanza kula. Mimi na Kyalo tulikuwa tumechoka, tukamwangalia tu. Maandishi yakaja kwa hasira kabisa, "Huyo ndama ni wa nani? Kyalo! Mfukuze! Anakula maua ya mama!" Nikamsomea. Kyalo akaruka, akachukua fimbo, akamfukuza ndama mpaka ng'ambo ya ua, gambuti mguu mmoja likabaki njiani. Akarudi akihema, akavuta maua akayapanga tena. Kule Saudia picha ikafika, na Mwende akaandika, "Hahaha. Haki Kyalo, umezeeka." Nikamsomea na hiyo. Akacheka. Akasema kwa kamera, kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, "Mimi niko hapa! Hakuna kitu itagusa!" Na akasimama kando ya msalaba na fimbo yake, kifua mbele, anaangalia kamera.

Jua lilikuwa linashuka. Mwende akaandika, "Wamerudi." Mara hiyo hiyo jicho likaonyesha sifuri.

Kyalo hakuwa anaona skrini kutoka pale. Alikuwa amesimama wima na fimbo, gambuti moja mguuni, akilinda, kwa sababu dada yake anaona. Betri ilikuwa ikilia. Nilikuwa na mause mkononi, nikaiachilia, nikakunja mikono kwa leso, na sikumwambia kitu mpaka skrini ikazima yenyewe.